Nani Atafundisha Mazembe? Swali la Kamalondo na Majibu ya Historia

Tangu mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2025, ukipita Kamalondo karibu na kiwanja cha TP Mazembe, ulikuwa hausikii mazungumzo mengine. Wauza mikate, vijana wa pikipiki, wazee wanaokunywa munkoyo kivulini, wote walikuwa na swali moja: kocha mupya atakuwa nani? Wengine wanauliza kwa hasira kabisa. «Mutuletee muzungu mwenye akili, hapa na hapa!» Mwengine anajibu: «Bule! Tafuteni mutoto ya nyumba, kama Mihayo.» Na kuna mzee mmoja aliyekaa pembeni, yeye anatikisa kichwa tu: «Kocha haina mubaya. Bachezaji njo bamekwisha.»

Hasira hiyo ina sababu. Katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya msimu wa 2024-2025, Mazembe ilimaliza ya mwisho katika kundi lake, nyuma ya Al Hilal ya Omdurman, MC Alger ya Algeria na Yanga ya Tanzania. Yanga tulitoka nayo sare 1-1 hapa Lubumbashi, kisha ikatupiga 3-1 Dar es Salaam. Timu iliyobeba kombe kubwa la Afrika mara tano ilirudi nyumbani mapema, na wapenzi wa Lupopo wakapata cha kuchekea mji mzima. Aliyekaa kwenye benchi letu ni Lamine N'Diaye, Msenegali aliyetupeleka mbali kuliko kocha mwengine yeyote. Kwa hiyo wanaopiga kelele leo wanamkataa mtu ambaye mwaka wa 2010 walimbeba mabegani.

Mimi si kocha. Kazi yangu ni redio, na kila tunapofungua simu kwa wasikilizaji juu ya Mazembe, majina ya makocha yanatoka kama mvua. Ndiyo maana nilitaka turudi nyuma kidogo, tutazame historia ya timu yetu pamoja na watu walioifundisha. Labda tutapata jibu. Au labda tutaona kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya.

WAKATI WA ENGLEBERT

Timu hii ilizaliwa mwaka wa 1939, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville. Mapadri wa shirika la Benedikto ndio walioianzisha, kwa ajili ya vijana wa misheni, na jina la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Mwaka wa 1966 ilibeba makombe yake bila kushindwa, na hapo ndipo wakaiongezea jina la «Tout Puissant», yaani Mwenye Nguvu Zote. Jina la Mazembe lilikuja katika miaka ya Zaïre, wakati majina ya kizungu yalikuwa yanaondolewa.

Mwaka wa 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa kwanza ulikuwa 1-1, wa pili 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu, lakini Kotoko hawakutokea, na kombe likaja kwetu. Mwaka wa 1968 tukalibeba tena: Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5-0, na hata kushindwa 4-1 kule Togo hakukutuzuia. Miaka miwili iliyofuata, 1969 na 1970, tulifika fainali tena lakini tukashindwa, kwanza na Ismaily ya Misri, kisha na Kotoko waliokuja kulipa deni. Fainali nne mfululizo!

Niliwauliza wazee wawili wa Kamalondo, watu walioiona timu ile kwa macho yao. Wakaanza kutaja: Kazadi Mwamba golini, Kalala Mukendi mbele. Walitaja na majina ya utani, na nani alikuwa anakaa avenue gani. Nikawauliza: «Baba, na kocha alikuwa nani?» Wakatazamana. Mmoja akasema alikuwa mzungu. Mwengine akasema hapana, mzungu huyo alikuja nyuma. Wakabishana mpaka munkoyo ukaisha, na jina halikupatikana.

Sisemi kwamba kocha hakuwa na kazi. Lakini hiyo ni dalili. Timu ya 1967 inakumbukwa kama kundi la wachezaji waliocheza pamoja miaka mingi, vijana wa mji huu waliokuwa wanakutana mazoezini na mtaani. Kwa wazee wale, Englebert ni majina ya wachezaji, na mwalimu wao amesahauliwa.

KAZADI NA SOMO LA 1974

Kuna hadithi nyingine ya kocha ambayo Lubumbashi haijaisahau, ingawa ni ya timu ya taifa. Inchi yetu imebeba Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili. Mwaka wa 1968 kule Ethiopia, kocha alikuwa Ferenc Csanádi wa Hungaria, na goli la fainali dhidi ya Ghana lilifungwa na Kalala wetu. Mwaka wa 1974 kule Misri, kocha alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Yeye ndiye aliyewapeleka Leopards Kombe la Dunia huko Ujerumani mwaka uleule, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko.

Mechi ya pili ilikuwa dhidi ya Yugoslavia, inchi ya kocha mwenyewe. Baada ya magoli matatu ya haraka, Kazadi, kipa wa Mazembe, akatolewa. Akaingia Tubilandu. Tulimaliza tumefungwa 9-0. Watu wakasema Vidinić amewauzia ndugu zake mechi. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyekuwa pamoja na timu.

Kama ni hivyo, aliyetukanwa si yeye aliyeamua. Hapo ndipo kuna somo kwa washabiki. Tunapobishana juu ya jina la kocha, mara nyingi hatuulizi nani ana mamlaka ya kweli: nani anasajili wachezaji, nani anauza, nani anapanga timu. Kocha anaonekana, anakaa pale kwenye benchi, ni rahisi kumtupia maneno. Wengine hawaonekani.

MIAKA 29 YA KUNGOJA

Mwaka wa 1980 Mazembe ilibeba Kombe la Washindi wa Afrika, ikiwapiga Africa Sports ya Abidjan 3-1 na 1-0. Baada ya hapo tukangoja miaka 29 kabla ya kuona tena kombe la Afrika. Makocha walikuja, makocha walikwenda. Lakini ni nani angefanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na mji huu uliishi kwa shaba. Mishahara ilikatika, watu walihama, kisha vita vikaja. Mchezaji mzuri alipoonekana tu, aliondoka. Hata ungemleta kocha mkubwa wa Ulaya wakati ule, angefundisha nini na nani?

Mwaka wa 1997 Moïse Katumbi alichukua uraisi wa timu. Mtu anaweza kumpenda au kumchukia katika siasa, hiyo ni kazi ya makala nyingine. Katika mpira alifanya jambo moja lililobadilisha kila kitu: alilipa wachezaji vizuri kiasi kwamba waliweza kubaki nyumbani. Wakongomani waliokuwa wanakwenda kutafuta maisha Ulaya au Uarabuni walibaki Lubumbashi, na wengine wakatoka Zambia, Tanzania, Ghana, Mali na Côte d'Ivoire kuja hapa.

MAKOCHA WAWILI, KUNDI MOJA

Sasa tuangalie 2009 na 2010, kwa sababu hapo ndipo ubishi wetu wa leo unapata mwanga.

Mwaka wa 2009 kocha alikuwa Diego Garzitto. Fainali ilikuwa na Heartland ya Nigeria: tulishindwa 2-1 kwao, tukashinda 1-0 hapa mwezi wa kumi na moja, na goli letu la ugenini likatupa kombe. Mwezi uliofuata tukaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu na tukafungwa mechi zote mbili, na Pohang ya Korea na hata Auckland City ya New Zealand. Aibu.

Mwaka wa 2010 kulikuwa na msiba mwengine. Trésor Mputu, mchezaji tuliyemtegemea kuliko wote, alifungiwa mwaka mzima na FIFA baada ya fujo na refa kule Kigali. Garzitto akaondoka. Akaingia Lamine N'Diaye, aliyekuwa amefundisha timu ya taifa ya Senegal. Bila Mputu, na kocha mupya, nani angeweka pesa yake kwa Mazembe?

Tulipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa Lubumbashi katika fainali ya kwanza, kisha 1-1 kwao. Tukarudi Abu Dhabi. Pachuca ya Mexico 1-0, goli la Mbenza Bedi. Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Kidiaba akaruka na matako uwanjani, na dunia nzima ikacheka pamoja nasi. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili tulicheza fainali na Inter Milan. Tulifungwa 3-0, lakini hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo mbele yetu.

Washabiki wanasema: «N'Diaye njo alifanya ile.» Ni kweli, sehemu yake ni kubwa. Lakini angalia majina: Kidiaba, Kimwaki, Kasusula, Mihayo, Kabangu, Kaluyituka. Msingi wa timu ulikuwa ule wa 2009. Kocha wa pili alipokea nyumba iliyokwisha kujengwa, akaipanga vizuri zaidi.

MWAKA WA 2011 NA VIJANA WA TANZANIA

Mwaka wa 2011 tulianguka, tena si kiwanjani. Tulikuwa tumewapiga Simba ya Dar es Salaam nje na ndani, lakini Simba walilalamika juu ya mchezaji Janvier Bokungu, ambaye hakuwa na haki ya kucheza. Tukaondolewa katika mashindano. Hakuna kocha duniani anayeweza kuzuia kosa la karatasi za ofisi.

Lakini mechi zile zilituletea zawadi. Kijana mmoja wa Simba alicheza vizuri mbele yetu, na viongozi wakamchukua: Mbwana Samatta. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuja pia. Samatta alikaa hapa miaka karibu mitano. Kumbuka muda huo, kwa sababu ni sehemu ya jibu.

CARTERON HAKUFUKUZWA

Mwaka wa 2013 alikuja Patrice Carteron, Mfaransa aliyekuwa ametoka kuipeleka Mali nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka ule alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho kwa Sfaxien ya Tunisia. Mwaka wa 2014 alitolewa katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Sétif ya Algeria, kwa goli la ugenini. Kwa desturi yetu ya leo, mtu huyo angekuwa amekwisha kupanda ndege. Vijana wangekuwa wanapiga kelele nje ya kiwanja.

Aliachwa. Mwaka wa 2015 tulipiga USM Alger 2-1 kwao na 2-0 hapa Kamalondo. Samatta na Assalé ndio waliofunga siku ile. Samatta akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza Afrika, Mtanzania wa kwanza, na mwanzoni mwa 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji.

Mwanzoni mwa 2016 Carteron naye akaondoka. Hubert Velud, Mfaransa mwengine, akachukua nafasi yake. Tulitolewa katika Ligi ya Mabingwa na Wydad, tukashuka Kombe la Shirikisho, na tukalibeba: MO Béjaïa 1-1 kwao, 4-1 hapa. Wakati ule raisi wa timu mwenyewe alikuwa nje ya inchi, na timu ilisimama.

Mwaka wa 2017 akaja Thierry Froger. Hakudumu. CAPS United ya Zimbabwe ilitutoa kwa sare mbili, 1-1 hapa na 0-0 Harare. Mji ulikasirika, kocha akaondolewa. Kazi ikapewa Pamphile Mihayo, yule yule aliyekuwa kiungo wa timu ya 2009 na 2010. Mwezi wa kumi na moja tulipiga SuperSport United ya Afrika Kusini 2-1, tukatoka 0-0 Pretoria, na kombe likabaki Lubumbashi.

HESABU INASEMA NINI

Tukae chini tuhesabu. Miaka mitatu, 2015, 2016 na 2017, makombe matatu ya Afrika, makocha watatu tofauti: Wafaransa wawili na mtoto wa nyumba. Wanaosema «muzungu» wana ushahidi. Wanaosema «mutoto ya nyumba» wana ushahidi pia. Na wanaomtetea Msenegali wanaonyesha 2010. Kila mmoja ana kombe mkononi mwake, ndiyo maana ubishi hauishi.

Ukiangalia kilichokuwa sawa katika miaka ile yote, si pasipoti ya kocha. Kalaba wa Zambia alikuwapo. Kimwaki alikuwapo. Issama Mpeko alikuwapo. Kundi halikuvunjwa, na makocha watatu waliweza kupishana mlangoni bila nyumba kuanguka.

Lakini nisiwe mwongo: Froger alikuwa na kundi hilo hilo, na alishindwa. Kwa hiyo yule mzee wa pembeni naye hajasema kweli yote. Kocha ana uzito. Mihayo aliwajua wachezaji, alijua presha ya kiwanja hiki, alijua lugha ya kabine. Alipewa kundi zuri, na alijua namna ya kulisemesha. Vitu vyote viwili vilihitajika.

Tangu 2017 hatujabeba kombe la Afrika tena, na katika miaka hiyo tumeona makocha wa kila aina. Mwaka wa 2022 tulitolewa katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na Berkane ya Morocco: tuliwapiga 1-0 hapa, wakatupiga 4-1 kwao. Kwenye benchi la Berkane alikaa Florent Ibenge, Mkongomani mwenzetu, aliyeipeleka Vita Club fainali ya Afrika mwaka wa 2014 na Leopards nafasi ya tatu mwaka wa 2015. Alibeba kombe lile. Na katika kundi letu la msimu wa 2024-2025, timu iliyomaliza ya kwanza, Al Hilal, ni yeye aliyekuwa anaifundisha. Wanaosema Mkongomani hawezi waangalie hapo. Mwaka wa 2023 Yanga walitupiga Dar es Salaam na hapa nyumbani. Mwaka wa 2024 N'Diaye, aliyekuwa amerudi, alitupeleka nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Al Ahly wakatutoa. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kocha yule yule, na tukawa wa mwisho katika kundi. Je, amesahau kazi katika miezi michache?

MASWALI YA KUULIZA

Mimi sina jina la kutoa. Ningetoa, kesho ningepigiwa simu na nusu ya mji. Lakini nadhani kila mshabiki mwenye kupiga kelele Kamalondo angefaa kuuliza maswali matatu kabla ya kutaja mtu.

La kwanza: wachezaji gani watabaki? Samatta alikaa karibu miaka mitano, ndipo tukala matunda. Siku hizi kijana akicheza miezi sita vizuri, tunasikia amekwisha kuuzwa. Tuna shule ya mpira katika mji huu, Katumbi Football Academy, tangu 2012. Watoto wanaotoka pale tutawaona wakikua mbele yetu, au tutawaona kwenye televisheni tu?

La pili: kocha atapewa muda gani? Carteron alipoteza mara mbili kabla ya kushinda. Tuko tayari kungoja hivyo tena, sisi tuliozoea makombe?

La tatu: nani ataamua? Kama kocha atapangiwa timu na wengine, tusimtukane yeye kama vile walivyomtukana Vidinić.

Siku ya yenga iliyopita nilirudi kwa wazee wangu wa munkoyo. Nilikuta wamekwisha kugawanyika: mmoja anataka Ibenge arudishwe inchini, mwengine anataka N'Diaye aachwe amalize kazi. Nikawauliza lile swali la kwanza, wachezaji gani watabaki. Yule anayetaka Ibenge akafikiri, akahesabu kwa vidole, akafika wanne, akasimama.

«Mutoto yangu,» akaniambia, «ile swali yako iko nguvu kupita ya kocha.»